Kadibodi Nyeupe

Kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti, mjini Kiambu, jirani na Nairobi, kadibodi za shabaha husimamishwa za rangi mbili. Za rangi ya udongo ndizo za kupigwa. Nyeupe ni marufuku. Nyeupe inamwakilisha mtu asiyehusika: mpita njia, mateka, mama aliyebeba mtoto. Waandaaji hawaiweki pembeni ambako haimsumbui mtu. Huipachika mbele ya ile ya udongo, ikaiziba nusu, ili mlengaji alazimike kupitisha risasi kwenye nafasi ndogo iliyobaki huku saa inahesabu. Akiigusa, anakatwa pointi 10. Mwaka 2024 walengaji wa bastola kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikusanyika kwenye uwanja huo kugombea ubingwa wa bara.

Msikilizaji wa Kilwa Masoko, wa Kivinje, wa Lindi mjini au wa Liwale, kusini mwa Tanzania, anaweza kuuliza mchezo wa Kiambu unamhusu nini. Unamhusu sana, pengine kuliko unavyomhusu mkazi wa Nairobi.

Bara ya pwani ya Lindi, kuanzia Nanjirinji hadi Liwale, mkulima wa mahindi, mpunga au mtama hulala shambani mazao yanapokomaa. Hujenga dungu, akapanda juu, akakesha kuwafukuza nguruwe pori. Mwaka 2005 Craig Packer, mtafiti wa simba aliyefanya kazi miaka mingi Serengeti, alichapisha pamoja na wenzake wa Tanzania utafiti katika jarida la Nature. Walionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba maeneo yaliyoumia zaidi yalikuwa kusini, Lindi ikiwemo. Sababu waliyoieleza watafiti hao, wakulima wa huku walikuwa wakiijua siku zote: nguruwe anafuata shamba, simba anamfuata nguruwe, na mtu aliye kwenye dungu yuko katikati yao.

Sasa mtu huyo asikie majani yanavunjika usiku. Inaweza kuwa nguruwe. Inaweza kuwa simba. Inaweza pia kuwa jirani anayekwenda kuangalia shamba lake, au mtoto aliyetumwa kuleta moto. Mwenye silaha, awe ana leseni au ni askari wa wanyamapori wa kijiji, ana swali moja la kujibu kabla kidole hakijagusa kifyatulio: kile ni nini, na nyuma yake kuna nini? Swali hilohilo ndilo lililojengewa mchezo mzima kule Kirigiti, likawekewa kanuni, waamuzi na hesabu.

Mchezo wenyewe ni ulengaji shabaha wa vitendo. Usichanganywe na ule wa bunduki ya upepo unaoonekana kwenye Olimpiki, ambapo mshindani husimama mahali pamoja, shabaha ikiwa mita 10, na anatuliza mwili wote hadi pumzi. Huku mshindani anakimbia, anachuchumaa, anachungulia dirisha la mbao, anafungua mlango, anabadilisha magazini miguu ikiwa mwendoni. Kila kituo kina ramani yake, na ramani hazifanani. Kituo kifupi hakihitaji risasi zaidi ya 12, cha kati 24, kirefu 32. Shabaha nyingine ni za chuma na lazima zianguke. Nyingine huyumba, zikajitokeza na kujificha.

Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, luteni kanali aliyestaafu kikosi cha Marine. Walichagua maneno matatu ya Kilatini yawe kaulimbiu: Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi. Mwaka uliofuata, 1977, mashindano ya dunia yalifanyika Salisbury, Rhodesia, mji ambao leo ni Harare.

Mwaka huo haufai kupitwa haraka na Mtanzania wa kusini. Mwaka 1977 Rhodesia ilikuwa vitani, na bastola zile zilikuwa mikononi mwa walowezi waliokataa kuachia nchi. Upande wa pili, Nachingwea, mkoani humuhumu Lindi, kulikuwa na kambi ambako FRELIMO ilifundisha wapiganaji wake tangu miaka ya 1960, na baadaye wapiganaji wa Zimbabwe nao walipata mafunzo kusini mwa Tanzania. Kwa hiyo mchezo huu uliingia Afrika kupitia mlango mbaya, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Umebadilika tangu hapo. Mwaka 2002 ubingwa wa dunia ulipofanyika Afrika Kusini, katika mji unaoitwa sasa Polokwane, ilikuwa nchi nyingine kabisa, na aliyeshinda alikuwa Eric Grauffel, kijana wa Kifaransa aliyekuwa ameshatwaa taji la kwanza Ufilipino mwaka 1999. Leo kwenye viwanja vya Kenya utawaona madaktari, wafanyabiashara, wanasheria na maofisa wa polisi, wanaume kwa wanawake, wakipokea amri kutoka kwa mwamuzi mmoja.

Hesabu yake ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe na akili. Shabaha ya kadibodi imegawanywa maeneo matatu, A, C na D. Risasi ya eneo A ni pointi 5. Kwa wanaotumia risasi za nguvu ndogo, C ni pointi 3 na D ni 1. Pointi zote za kituo hujumlishwa, adhabu zikatolewa, kisha jumla hugawanywa kwa sekunde alizotumia mshindani. Anayepata jibu kubwa ndiye mshindi wa kituo, na wengine wanapimwa kwake.

Tuchukue kituo chenye kadibodi 6, kila moja risasi 2. Pointi za juu ni 60. Mshindani wa kwanza anapiga zote katikati kwa sekunde 10: 60 kwa 10, anapata 6. Wa pili ana haraka zaidi. Anatumia sekunde 8, risasi tisa zikaingia A na tatu C, jumla 54. Gawanya kwa 8, anapata 6.75. Amemshinda mwenzake aliyekuwa sahihi kuliko yeye. Mtu wa Lindi akisikia hivyo atasema mchezo unasifu papara. Asubiri kwanza. Tuseme katika zile risasi 12, moja tu iliyokuwa iende A imeteleza ikagonga kadibodi nyeupe. Pointi 5 zimepotea. Shabaha iliyokusudiwa imekosa risasi, adhabu 10. Nyeupe imepigwa, adhabu 10 nyingine. Kutoka 54 amebaki na 29, na 29 kwa sekunde 8 ni 3.6 na ushee. Risasi moja imemtoa kileleni na kumtupa chini, akiwa amebakiwa na kidogo zaidi ya nusu ya alichokuwa nacho.

Hapo ndipo wanapotofautiana wenye kipaji na wenye mazoea. Mwenye kipaji anajua ni wapi pa kukimbia na ni wapi pa kutulia nusu sekunde zaidi, na nusu sekunde hiyo huitumia mbele ya nyeupe.

Vifaa navyo vina sheria, na sheria hizo zimetungwa na watu wanaoijua hila ya binadamu. Risasi iliyopunguzwa baruti haipigi teke kubwa. Bastola inarudi shabahani upesi na mlengaji anawahi risasi ya pili. Ili mtu asishinde kwa risasi dhaifu, waamuzi huchukua chache kutoka kwenye akiba yake, huzipima uzito, huzipiga juu ya kifaa cha kupima kasi, wakazidisha uzito kwa kasi na kugawanya kwa elfu. Uzito ni kwa greni, kasi ni kwa futi kwa sekunde. Jibu lisipofika 125, mshindani huruhusiwa kuendelea kupiga, lakini hapati pointi yoyote. Risasi ya milimita 9 yenye greni 124, sawa na gramu 8 hivi, ikienda futi 1,050 kwa sekunde inatoa 130. Amepona. Anayechagua risasi za nguvu kubwa anatakiwa kufika 170 katika daraja la kawaida, na malipo yake ni kwamba eneo C linampa pointi 4 badala ya 3.

Madaraja yapo ili pesa isishinde peke yake. Katika daraja moja bastola inabaki kama ilivyotoka kiwandani na kila magazini haipakiwi zaidi ya risasi 15 kwa kuanzia. Katika daraja la wazi mtu anaweza kufunga kilengeo cha nukta nyekundu na kifaa cha kupunguza teke mdomoni mwa mtutu. Bastola za silinda inayozunguka zina daraja lao. Hakuna anayelazimika kushindana na mfuko wa mwenzake.

Ukiweka bastola ya mashindano hayo mbele ya gobore la Kilwa, unaona karne mbili zimekaa meza moja. Gobore hushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kipande cha kitambaa, mdeki, vipande vya chuma, kitambaa tena, mdeki tena, kisha fataki. Baruti ikizidi, mtutu unapasuka usoni mwa mpigaji. Ikipungua, nguruwe anaondoka na jeraha, na nguruwe mwenye jeraha ni hatari kwa kijiji kizima. Nafasi ni moja. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoanzia Nandete katika milima ya Umatumbi, wengi waliosimama mbele ya Wajerumani walishika mikuki, mishale na magobore ya namna hiyo, dhidi ya bunduki za kupakiwa nyuma na bombomu. Wajukuu wao wanajua vizuri kifaa kinaweza kuamua nini.

Leo kumiliki gobore bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Jeshi la Polisi limekuwa likitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Sheria hiyo ni sahihi. Hata hivyo, silaha ikiondoka, ujuzi wa mwenye gobore usidharauliwe. Mtu aliyekuwa na risasi moja tu alijifunza kusubiri. Hakupiga sauti, hakupiga kivuli. Mshindani wa Kirigiti mwenye magazini nne kiunoni anahitaji miaka ya mazoezi kufika pale pale.

Usalama ni sura ya kanuni inayosomwa kabla ya nyingine zote, na ndiyo isiyo na huruma. Uwanja mzima, washindani hutembea bastola zikiwa alani, tupu, bila magazini. Hakuna kuchomoa isipokuwa mbele ya mwamuzi, au kwenye eneo maalumu la usalama ambako kushika risasi ni marufuku. Katika mashindano ya kimataifa mwamuzi hutoa amri kwa Kiingereza neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Maana yake ni hii: pakia na ujiandae, uko tayari, subiri. Kati ya sekunde 1 na 4 baadaye mlio wa saa unasikika, na mtu anaanza. Akimaliza anaambiwa atoe risasi na kuonyesha chemba. Mwamuzi akiridhika, mshindani hushusha nyundo na kurudisha bastola alani. Ndipo husikika kwamba uwanja ni salama, na wa kwenda kuhesabu matundu wanakwenda.

Mdomo wa bastola ukivuka nyuzi 90 kuelekea nyuma, mtu ametolewa. Kidole kikibaki kwenye kifyatulio wakati anakimbia au anabadilisha magazini, ametolewa. Bastola ikimponyoka wakati wa zamu yake, ikiwa na risasi au haina, ametolewa. Risasi ikitoka bila kukusudiwa, ametolewa. Na kutolewa huko hakuishii kwenye kituo kile. Ni mashindano yote, hata kama alikuwa anaongoza, hata kama amesafiri kutoka bara jingine na amelipa kila kitu. Bingwa na mgeni wanapewa mkono na kuonyeshwa njia ileile. Katika michezo mingi mchezaji nyota hupata refa wa kumwonea aibu. Hapa mwamuzi anayemwonea mtu aibu anaweza kusababisha msiba.

Kuhusu ustadi, asiyeujua mchezo hutazama mikono. Wanaoujua hutazama macho. Kabla ya kuanza, kundi la washindani hupewa dakika chache za kupita kituoni mikono mitupu. Utawaona watu wazima wakinyoosha vidole hewani, wakihesabu hatua, wakirudi nyuma, wakifumba macho kukumbuka ni shabaha ipi inaonekana kupitia dirisha lipi. Wanajipangia wapi watabadilisha magazini, mguu gani utangulie. Mlio unapolia, uamuzi mkubwa umeshafanyika. Jicho linafika kwenye shabaha kabla ya bastola, linaitambua rangi, ndipo mikono inafuata. Mlengaji wa ngazi ya juu anaweza kuchomoa na kupiga ya kwanza kwa takriban sekunde moja, lakini ukimtazama haonekani kuharakisha. Sehemu kubwa ya mazoezi yake aliifanya nyumbani bila risasi hata moja: kuchomoa, kutazama, kubonyeza, kurudisha, maelfu ya mara, chumba kikiwa kimekaguliwa na risasi zikiwa chumba kingine.

Jicho la namna hiyo si geni Liwale. Sehemu kubwa ya wilaya hiyo, pamoja na pande za Kilwa, inapakana au imo katika pori lililopewa jina la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa na mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ya pori ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na uwindaji wa kitalii ukabaki kusini. Kanuni za Tanzania zinataka simba dume anayewindwa awe na miaka 6 au zaidi. Aliyewahi kumwona simba porini anajua ugumu wa sharti hilo. Manyoya ya shingo peke yake yanadanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa Tanzania, ulionyesha kwamba pua ya simba ni ya waridi utotoni na huwa nyeusi kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo mwindaji anayejua kazi yake hutazama pua kwa darubini, akazungumza na msaidizi wake, na mara nyingi akaiteremsha bunduki. Mfuatiliaji nyayo mzaliwa wa Liwale ambaye amefanya kazi hiyo misimu kadhaa amekataa risasi nyingi kuliko alizokubali. Kule Kirigiti angeitwa mwalimu.

Kwa hiyo pendekezo kwa kusini ni la kuanzia chini kabisa, kabla ya kuota medali. Askari wa wanyamapori wa vijiji, wakiwemo wa jumuiya ya Magingo kule Liwale, ndio wanaoitwa simba anapoingia kijijini na tembo anapovamia shamba. Kituo cha mafunzo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, kimekuwa kikiwafundisha askari wa aina hii kwa miaka mingi. Kuongeza pale mashindano ya mwaka, chini ya Polisi na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, hakuhitaji uwanja wa kifahari. Kunahitaji tuta la udongo la kuzuia risasi, mwamuzi aliyefundishwa, saa ya kupima muda, na kadibodi. Hata risasi zinaweza kusubiri: IPSC ina tawi linalotumia bunduki za kurusha vitufe vya plastiki vya milimita 6, na mwaka 2018 mashindano ya dunia ya tawi hilo yalifanyika Hong Kong, mahali ambapo raia kupata bastola halisi ni shida kubwa. Bunduki hizo nazo zingehitaji kibali cha Polisi kabla ya kuingizwa nchini, na ni sawa iwe hivyo.

Vituo vichorwe kwa sura ya huku. Kimoja kiwe shamba la mahindi jioni, dungu la futi kadhaa, tochi moja, shabaha ya nguruwe upande wa kulia na nyeupe mbili za binadamu zinazotembea nyuma yake. Kingine kiwe njia ya kwenda kisimani. Na hapa kanuni za kimataifa ziongezewe kitu. Kule nje mshindani asiyepiga shabaha huhesabiwa amekosa, kwa sababu waandaaji huhakikisha kila shabaha ina upenyo wa kupigika. Kwa askari wa Liwale kiwekwe kituo kimoja ambacho hakina upenyo kabisa, ambamo nyeupe zimezunguka pande zote, na washindani wasiambiwe ni kituo kipi. Atakayekipitia chote kidole kikiwa nje ya kifyatulio, akatoa risasi, akaonyesha chemba tupu na kurudisha silaha mahali pake, apewe pointi zote za kituo hicho.